Mjomba ananicheka kisa sosholojia

SWALI: Shangazi shikamoo, nimepata sosholojia (elimu ya jamii) pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, mjomba anasema miaka 3 yote ntaishia kuuza vocha, nihame kozi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usihame kisa maneno ya mjomba (naye kasomea nini kwani?). Utakutana na Durkheim, Mfaransa aliyechukua takwimu za watu kujiua akaonyesha, mwaka 1897, kwamba hata jambo la siri vile lina mkono wa jamii, ni tamu ila nadharia tupu haikupi ugali, kwa hiyo takwimu usizikimbie, jifunze SPSS (programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu), na likizo omba kibarua cha kujaza madodoso, ukae kwenye benchi la mama ntilie umuulize mapato yake bila kumuudhi, hapo ndo utajua kama kozi yako au la.