Misheni ndogo ya vijana: kabla hujatafuta beji, tafuta sufuria

Barua za mwezi huu zinazunguka jambo moja: misheni ndogo. Kwa mgeni wa safu hii, ni ile shughuli ya kigingi (yaani kata kadhaa, makusanyiko ya mtaa, zikiwa pamoja) ambayo vijana wa miaka 12 hadi 17 wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho wanaishi kama wamisionari kwa siku moja au mbili: wanapewa wito (barua ya kutumwa), mwenzi wa kazi, ratiba na watu wa kufundisha. Vigingi vingi vya Utah, Idaho na Arizona huko Marekani vimeizoea. Kwenu wengi ni mara ya kwanza, na inaonekana.

Sisi ni kigingi cha Nairobi. Tuna vijana 24, Ijumaa jioni hadi Jumamosi usiku. Beji na bahasha za wito ziko tayari. Tumebakiza nini? (Kiongozi wa Wasichana)

Dada, mmebakiza karibu kila kitu. Bahasha yenyewe ni kumbukumbu tu, maana tangu 2018 wito unafika kwa mtandao. Lakini sawa, bahasha hufurahisha, wapeni.

Vijana 24 ni jozi 12. Unganisha jozi mbili-mbili za jinsia moja upate "nyumba" sita za watu wanne. Kila nyumba ipewe jiko moja, sufuria mbili, mwiko, kisu, beseni, ndoo ya lita 20 na chakula kibichi. Narudia: kibichi. Akina mama wa kata wasipike. Mmisionari hapikiwi kila siku, na kijana anayefika misheni hajui kusonga ugali hula mkate na soda mpaka tumbo linamgomea.

Kwa kila nyumba: mchele robo tatu ya kilo na mboga kwa chakula cha Ijumaa usiku, unga wa uji robo kilo na sukari kwa asubuhi, unga wa ugali kilo moja na maharage nusu kilo kwa mchana wa Jumamosi, mafuta, vitunguu, nyanya, chumvi. Maharage wapeni Ijumaa jioni pamoja na karatasi yenye mstari mmoja: "Loweka usiku kucha." Msiwakumbushe. Nyumba iliyosoma karatasi itaivisha kwa saa moja au moja na nusu. Nyumba isiyosoma itakaa jikoni zaidi ya saa mbili, itachelewa miadi ya mchana, na itabidi ipige simu kuomba radhi kwa mtu aliyekuwa akiwasubiri. Hilo ndilo somo la kupanga wiki, na hakuna hotuba inayolifundisha vizuri hivyo.

Majiko ya mkaa yakae nje au kibarazani. Kamwe yasiingizwe kwenye chumba kilichofungwa, hata kwa kuota moto usiku. Hewa ya mkaa haina harufu ya kumwamsha aliyelala.

Ratiba fuateni ile ya kimapokeo, ingawa tangu 2017 imelegezwa kidogo: kuamka saa 12:30 asubuhi, kujisomea saa 2:00, kusoma na mwenzi saa 3:00, kutoka saa 4:00. Usiku kurudi saa 3:00, taa kuzimwa saa 4:30. Na taa zizimwe kweli. Shughuli nyingi huharibikia hapa: viongozi wanakesha na vijana wakiimba, asubuhi watoto wana usingizi na njaa, halafu kwenye mkutano wa ushuhuda kila mmoja analia na viongozi wanaandika kwamba Roho alikuwepo kwa nguvu. Labda alikuwepo. Uchovu pia ulikuwepo. Kijana aliyelala kwa muda wa saa nane akashuhudia kwa sentensi tatu bila machozi ameonja misheni kuliko huyo mwingine.

Binti yangu kapangiwa mwenzi asiyemjua kabisa, na hawapatani. Anaweza kubadilishiwa?

Hapana.

Kama kuna uonevu, au jambo la afya au usalama, mara moja. Kama ni kwamba mwenzake anakoroma, anachelewa kuoga au anapenda kuamuru, hiyo ndiyo misheni yenyewe. Wapangaji wasiwape marafiki wala ndugu pamoja. Changanyeni kata. Mkubwa akae na mdogo, lakini wasipishane zaidi ya miaka mitatu, maana wa 17 akipewa wa 12 atageuka yaya. Wakibaki watatu, waacheni watatu. Wakae mahali wanapoonana na kusikiana muda wote, isipokuwa chooni na bafuni. Ijumaa usiku, kabla ya sala, wapeni dakika kumi za baraza la wenzi: kipi kimeenda vizuri, kipi kimekukera, kesho tubadilishe nini. Kimya cha dakika mbili za kwanza msikijaze ninyi.

Tuko Lubumbashi. Mwaka jana waigizaji wetu walikuwa wakali mno, msichana mmoja wa miaka 13 alilia mlangoni. Wengine wanasema hiyo ndiyo hali halisi. Mnasemaje?

Nasema mtu mzima aliyemliza mtoto wa miaka 13 kwa mchezo alikuwa akijifurahisha mwenyewe. Kila kigingi kina ndugu mmoja ambaye mwaka mzima anasubiri siku ya kuigiza mlevi au mchungaji mkali. Mpeni kazi ya kubeba maji.

Watu wengi wanaokutana na wamisionari hawatukani. Wana haraka, wana mgonjwa ndani, wanasema "njooni siku nyingine" kwa adabu na siku hiyo haifiki. Igizeni hilo. Kwa milango minane, mitatu ikatae kwa upole, miwili isifunguliwe kabisa, mitatu ikaribishe. Wanaokaribisha wapeni kadi zenye hali ya mtu wa kawaida: mjane aliyefiwa miezi miwili iliyopita, mwanafunzi wa chuo mwenye swali moja tu (kwa nini Mungu haonekani), na baba anayetaka mkewe na watoto wasikilize lakini yeye anashika redio. Mwigizaji aulize swali moja ambalo kweli angeuliza, na akae kimya vya kutosha kijana afikiri.

Somo lisizidi dakika 25. Vijana watataka kumaliza yote yaliyo kwenye *Hubiri Injili Yangu*, kitabu cha mwongozo cha wamisionari, kuhusu Urejesho (kurejeshwa kwa Kanisa la Kristo), kuanzia manabii wa kale hadi Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa, kwa pumzi moja. Hilo ndilo kosa la kila mtu wa mara ya kwanza: anafundisha somo badala ya kumfundisha mtu. Mjane wa miezi miwili anahitaji mpango wa wokovu, somo linalogusa maisha baada ya kifo, tena kipande chake kimoja, na ajisikie amesikilizwa. Baada ya kila ziara mwigizaji avue uigizaji, awape dakika tano za maoni: jambo moja walilofanya vyema, jambo moja la kurekebisha. Moja, si saba.

Na ubatizo msiigize. Ibada takatifu si kipindi cha tamthilia.

Je, tunaweza kuwatuma kwa majirani wa kweli badala ya waigizaji?

Kama jirani amekubali mapema kuwapokea, ndiyo, pamoja na mtu mzima. Kubisha milango ya watu wasiojua lolote kwa ajili ya zoezi, hapana. Jirani yako si kifaa cha kufundishia. Na kundi la vijana wenye tai likizunguka mtaani jioni bila balozi wa nyumba kumi kujua, wa kwanza kuulizwa atakuwa askofu, kiongozi wa kata yenu.

Mkitaka ukweli zaidi, wavulana na wasichana wakubwa waombwe kwenda na wamisionari wa muda wote kwenye somo ambalo tayari limepangwa. Hilo lipitie kwa kiongozi wa misheni wa kata. Kijana kulala kwa wamisionari ni uamuzi wa rais wa misheni, tusibishane hapa.

Mwanangu akifanya vizuri kwenye misheni ndogo, itamsaidia kupelekwa Marekani?

Haitamsaidia. Mahali pa kutumikia panapangwa na mmoja wa Mitume, viongozi wakuu wa Kanisa, mwombaji hachagui, na wamisionari wengi kutoka Afrika Mashariki hutumikia humu humu Afrika. Atakayekuambia ana njia ya kumtafutia mwanao wito wa Marekani kwa ada kidogo ni tapeli, hata kama anakaa kiti cha mbele kila Jumapili.

Simu tunazikusanya zote mlangoni, si ndiyo?

Mnaweza, lakini mnafundisha misheni ya zamani. Wamisionari wa leo hutumia simu kila siku kupanga miadi, kutuma ujumbe na kuandika kumbukumbu za wanaofundishwa, na tangu Februari 2019 wanaruhusiwa kuongea na familia kila wiki. Shida yao si kukosa simu, ni kuwa nayo mfukoni saa kumi na sita na kuitumia kwa kazi tu. Kwa hiyo kila jozi ibaki na simu moja. Itumike wenzi wote wawili wakiiona. Waipange miadi ya Jumamosi wao wenyewe, na kabla ya kulala wapige simu moja nyumbani, dakika tano. Nyingine zikae kwenye boksi lenye majina. Mtakaporudisha, hesabuni mbele ya mwenye nayo, maana simu iliyopotea kanisani huzaa kesi ndefu.

Salamu kutoka Salt Lake City. Sisi ni wa tawi la Kiswahili. Vijana wetu Kiingereza wanakijua, Kiswahili wanakisikia tu nyumbani. Wafundishe kwa lugha gani? (Baba wa watatu)

Shikamoo, mzee wangu. Zote mbili, na kwa makusudi. Mtoto aliyezaliwa kambi ya wakimbizi akakulia Utah anaweza kueleza toba kwa Kiingereza cha darasani bila kukwama, kisha bibi yake akimuuliza "toba ni nini, mjukuu wangu?" anabaki kutabasamu. Kitabu cha Mormoni, andiko letu takatifu, kipo kwa Kiswahili tangu mwaka 2000. Wiki mbili kabla, kila kijana achague mistari mitano ya kutumia kwenye somo, aisome kwa sauti kwa lugha zote mbili, kisha aieleze bila kitabu. Hapo ndipo mtagundua nani anajua maana na nani amekariri.

Waigizaji wenu wawe wazee wa tawi. Bibi hajali sarufi, atajali kama umemtazama usoni. Ila awakatishe akiona wanachomeka Kiingereza kila neno la tatu.

Kwetu wamepanga wavulana watembelee watu, wasichana wabaki kupika na kupamba ukumbi. Ni sawa?

Si sawa, na mmenikasirisha. Wavulana hutumikia miezi 24, wasichana 18. Tangu Novemba 2025 msichana naye anaweza kwenda akiwa na miaka 18. Mwaka 2012 umri wake ulikuwa umeshuka kutoka 21 hadi 19. Ni kweli Kanisa huwaambia wavulana ni wajibu wa ukuhani wao, na wasichana wanaambiwa wanakaribishwa wakipenda. Lakini anayekwenda anafundisha sawa na mwingine, na milango ni ile ile. Msichana aliyepewa mwiko kwenye misheni ndogo ameshajibiwa swali ambalo hakuuliza. Mvulana naye ameambiwa kwamba kuna mtu atampikia miaka miwili. Huyo mtu hayupo.

Kijana wangu wa miaka 16 alirudi kimya, akasema hawezi kwenda misheni, moyo ulikuwa ukienda mbio usiku kucha.

Mama, usimwambie "utazoea", wala usimpeleke kwa mzungumzaji wa hamasa. Muulize ni kitu gani hasa: kulala mbali na nyumbani, kusema mbele ya watu, au kuogopa kukosea? Kila kimoja kina dawa yake. Ikiwa moyo humwenda mbio hata nyumbani, amwone daktari sasa, akiwa bado na miaka miwili mbele. Zipo pia misheni za huduma, ambazo kijana hutumikia akiishi kwao, na ni wito kamili. Waandaaji nao wawe na njia ya mtoto kurudi nyumbani usiku bila kutangazwa asubuhi. Mnaowasema waliorudi mapema kutoka misheni, watoto wenu wanawasikia, ndiyo maana wengine hawasemi kitu mpaka wamefika uwanja wa ndege.

Tuna mlezi mmoja tu wa kiume atakayelala. Yatosha?

Hayatoshi. Watu wazima wawili kwa uchache, kwenye kila shughuli ya vijana, na kila mmoja awe amemaliza mafunzo ya kulinda watoto na vijana, ambayo hurudiwa kila miaka mitatu. Fomu ya idhini na afya isainiwe na mzazi kwa kila mtoto. Kwa kuwa wavulana na wasichana wote watalala, askofu na rais wa kigingi wawe wameidhinisha. Mkikosa mtu wa pili, vijana warudi kulala kwao na kuja asubuhi. Msinitumie tena swali hili.

Ni sawa mtoto wa miaka 14 kuitwa "Mzee"?

Ndicho cheo cha mmisionari wa kiume; kwa siku moja, sawa, ingawa bibi zao watacheka. Wengine husema "Elda". Beji iwe ya karatasi ngumu yenye cheo na jina la ukoo. Nembo ya Kanisa msiinakili, ina masharti yake.

Wavae nini?

Barua tisa. Tisa! Mavazi ya Jumapili, viatu vya kutembelea. Shati jeupe, au la buluu lisilo na nakshi pale urais wa eneo (viongozi wa Kanisa wa sehemu yenu) ulipokubali.

Mngeuliza linafuliwaje. Shati la mmisionari hufia kwenye kola. Lilowekwe nusu saa kwenye maji ya sabuni, kola ifunuliwe, ipakwe sabuni ya mche, isuguliwe kwa brashi laini kufuata uzi, si kukatiza. Jiki kwenye pamba ni sawa kwa kiasi. Kwenye polista shati linaweza kugeuka manjano. Lianikwe kivulini, lipigwe pasi likiwa na unyevu kidogo, kola kwanza kwa upande wa ndani. Kila nyumba iwe na sindano, uzi mweupe na vifungo viwili vya akiba.