Kuanza mazoezi baada ya miaka 70
Je, ukianza mazoezi baada ya miaka 70 umechelewa? Hapana, hujachelewa. Utafiti wa LIFE wa Marekani, uliochapishwa 2014, uliwafuatilia watu 1,635 wa miaka 70 hadi 89, wasio na mazoea ya mazoezi na ambao miguu ilishaanza kulegea, ila bado waliweza kutembea mita 400 bila kusaidiwa na mtu. Kwa wastani wa miaka 2.6, waliopoteza uwezo huo walikuwa asilimia 30.1 kwenye kundi la mazoezi, na 35.5 kwenye kundi lililopewa mafunzo ya afya. Si muujiza, lakini tofauti ipo.

Angalia walichofanya, maana hapo ndipo watu hukosea: lengo lilikuwa kutembea dakika 150 kwa wiki, pamoja na, kila kipindi cha mazoezi, kama dakika 10 za kuimarisha miguu kwa vizito vya kufunga vifundoni, na 10 za kujizoeza kusimama bila kuyumba. Wengi hutembea tu, hizo mbili wanaziruka, kisha wanashangaa kuinuka kitini bado ni kazi. Na kiwango chao cha mazoezi kilipandishwa taratibu. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu apimwe kwanza.