Umeolewa na Trevor, unamlilia Hardin

"Shangazi, shikamoo. Nina miaka 24, nimeolewa mwaka na nusu. Mume wangu ni fundi umeme. Hanipigi wala hanitukani, ila hana moto. Nikikasirika ananyamaza, anatoka zake barazani. Nimeangalia filamu ya mapenzi After We Collided mara nne, na kila mara nalia nikiona Hardin anavyochanganyikiwa akimkosa mpenzi wake Tessa. Mimi hata nikiondoka wiki nzima sidhani kama nitatafutwa. Juzi tuligombana, simu yake ikaanguka ikavunjika, tangu hapo analala sebuleni. Mpenzi wangu wa zamani amerudi mjini, tunasalimiana tu. Je, huyu mume ananipenda kweli?" – Mwenye Kiu, Tanga

Marahaba, mwanangu. Pole kwa machozi.

Simu "ikaanguka". Nimesoma barua nyingi, sijaona bado simu inayojirusha yenyewe saa ya ugomvi. Uliipiga ukutani wewe, ukangoja na yeye avunje chake, kisha mkumbatiane mnalia kama wale wa kwenye filamu. Mwenzio akachukua mto akaenda sebuleni. Ningekuwa mimi, ningekwenda kulala kwa mama yangu.

Filamu hiyo naijua, mtoto wa kaka yangu alinikalisha nayo mpaka mwisho. Katika ile ya kwanza, ya 2019, Hardin alimsogelea Tessa kwa ajili ya mchezo na wenzake: ampendeze, kisha amteme. Hii ya pili ya 2020 inamkuta msichana na kidonda kibichi. Kapata nafasi ya kujifunza kazi kwenye kampuni ya vitabu, anajijenga, na kijana anamfuata na pombe zake na wivu wake. Ana makovu ya utotoni, ndiyo, na nilimwonea huruma. Lakini makovu yako ukimfanya mchumba ndiye dawa, mtaugua wawili.

Kuna mtu umemruka kabisa kwenye barua yako. Trevor, yule wa kazini kwa Tessa. Mpole, mstaarabu, hana kelele. Binti yetu hakumchagua yeye, akamrudia Hardin. Mwanangu, umeolewa na Trevor.

Na Hardin mwenyewe katokea wapi? Anna Todd, Mmarekani aliyekuwa mke wa mwanajeshi, alianza kumwandika 2013 kwenye Wattpad, mtandao wa kuandika na kusoma hadithi, tena kwa simu, akili yake ikiwa kwa Harry Styles, mwimbaji wa kundi la One Direction. Mwanamume wa kutungwa huyo, hajaulizwa kodi ya nyumba hata siku moja. Wakagombana na kupatana filamu tano, hadi 2023. Tano! Wakitulia, tiketi nani atanunua? Fundi wako hauzi tiketi, anataka arudi nyumbani apumzike.

Zamani mwari aliwekwa ndani na somo wake. Si yote aliyotufunza yalikuwa mema, mengine niliyameza kwa shida. Lakini somo alikuwa mtu aliyekaa na mume, akajua kimya cha uchovu ni kipi na kimya cha dharau ni kipi. Nyie mmefundwa na kioo cha simu. Mnataka mume mwenye wivu ndiyo mjue mnapendwa. Akianza kuwakagua meseji, mnaniandikia tena, kurasa tatu. Mumeo angekuwa anakupiga, ningekwambia funga mizigo leo hii. Kosa lake umeandika mwenyewe: anatoka barazani.

Sasa huyo wa "tunasalimiana tu". Ingekuwa salamu, usingeiweka kwenye barua ya ndoa. Unamtunza ili siku moja mumeo aone, awake moto. Kimya kingi kina mshindo mkuu, bibi. Siku akiona hatawaka. Ataondoka taratibu, na mlango hataubamiza.

Ifute namba hiyo kabla hujamaliza kunisoma. Nunua simu nyingine kwa pesa yako, usimwombe yeye, mpelekee hapo hapo sebuleni, useme: niliivunja mimi. Na habari za salamu za huyo wa zamani mwambie mwenyewe, usingoje azikute. Akinyamaza, kaa naye barazani. Usiseme neno mpaka aanze yeye.