Maswali ya Kompyuta: Siku 30 za Majaribio Zimekwisha, Nilipie?

SWALI: Laptopu yangu ya Windows 11 ilikuja na antivairasi ya majaribio ya siku 30. Muda umeisha, na kila nikiwasha linatokea dirisha jekundu linalosema niko hatarini, nilipie mwaka mzima. Tunaitumia kwa kazi za shule za watoto, barua pepe na miamala ya benki. Nilipie, au nipakue ya bure? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Usilipie, na wala huna haja ya kupakua nyingine. Ndani ya Windows 10 na 11 tayari mna Microsoft Defender, antivairasi kamili isiyo na malipo wala tarehe ya kuisha. Ila ikikuta antivairasi nyingine, yenyewe hukaa pembeni kuipisha. Hiyo ya kwako sasa ni sawa na mlinzi aliyemaliza mkataba lakini bado amekalia kiti cha getini. Wakati mwingine Defender hurudi kazini yenyewe, usibahatishe.

Fungua Settings, ingia Apps, kisha Installed apps. Tafuta jina la hiyo antivairasi, bonyeza vitone vitatu vilivyo pembeni, chagua Uninstall, halafu uiwashe upya kompyuta. Ikigoma kutoka, kampuni nyingi za antivairasi zina kifaa chao maalumu cha kuing'oa. Kichukue kwenye tovuti ya kampuni yenyewe tu. Baada ya hapo andika Windows Security kwenye sehemu ya kutafutia, fungua Virus & threat protection, bonyeza Manage settings na uhakikishe Real-time protection, Cloud-delivered protection na Tamper Protection zote ziko On. Rudi nyuma ubonyeze Protection updates ili ipate orodha mpya ya virusi.

Unataka kuijaribu? Kwenye tovuti ya EICAR, taasisi ya Ulaya ya utafiti wa antivairasi, kuna faili la majaribio. Si kirusi, ni mstari mmoja wa alama 68 ambao antivairasi zimekubaliana kuushtukia. Likizuiwa au likifutwa mara tu unapolipakua, Defender iko macho. Likitulia kwenye Downloads kama mgeni aliyekaribishwa, rudia hatua za juu.

Za kulipia zinauza nini basi? Mara nyingi injini ya kusaka virusi ni ileile iliyomo kwenye toleo la bure la kampuni hiyohiyo. Unacholipia ni nyongeza: VPN (huficha mawasiliano yako ya mtandao), kitunza nywila, udhibiti wa watoto na msaada wa simu. Kama una kompyuta na simu tano nyumbani na unataka kuzisimamia zote mahali pamoja, inafaa kulipa. Angalia tu bei ya mwaka wa pili, kwa sababu ya kwanza huwa ya punguzo na kadi hukatwa yenyewe mwaka ukigeuka. Zima malipo ya kujirudia siku hiyohiyo unayonunua.

Na za bure za kampuni nyingine, jiulize zinakula wapi. Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka kampuni ya antivairasi ya Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa sababu ya kuuza kumbukumbu za tovuti walizotembelea watumiaji wake.

Pesa uliyotaka kulipia, nunua diski ya nje. Nakili mafaili yako kila wiki, kisha ichomoe. Kirusi cha kudai fidia hufunga kila kitu kilichochomekwa, na nakala iliyobaki kwenye waya itafungwa pamoja na nyingine.

SWALI: Nilipeleka flashi stesheneri kuprinti. Niliporudi, folda zote zimekuwa shotikati na kazi zangu hazionekani. Nifomati? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hapana! Kazi zako zimo, zimefichwa tu. Usibofye shotikati yoyote: ukiibofya hukimbiza kirusi kwanza ndipo ifungue folda, kwa hiyo huoni tofauti.

Chomeka flashi, bofya kulia kwenye herufi yake, chagua Show more options halafu Scan with Microsoft Defender. Ikimaliza, fungua Command Prompt na uandike (weka herufi ya flashi yako badala ya E):

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitatokea. Nakili kazi zako tu, futa shotikati, kisha ndipo ufomati ukipenda. Zikirudi kila unapochomeka flashi, ugonjwa uko kwenye kompyuta: hifadhi kazi, kisha rudi Windows Security kama hapo juu, na chini ya Scan options chagua Microsoft Defender Offline scan. Kompyuta itajizima na kuwaka. Huchukua kama dakika 15.

SWALI: Natumia Windows 10. Fundi ataniwekea antivairasi ya kulipia iliyochakachuliwa kwa bei ya chai. Nikubali? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Kataa. Ili kuichakachua, kwa kawaida huzima Defender kwanza, na hapo ndipo virusi hupitia.

Tena shida yako ni nyingine. Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 viraka vya kawaida vya usalama (masasisho ya kuziba matundu) tarehe 14 Oktoba 2025, na antivairasi haizibi tundu la Windows yenyewe. Kirusi cha kudai fidia cha WannaCry kilipolipuka Mei 2017, kiraka kilikuwa kimetoka tangu Machi. Walioumia ni wale ambao hawakukiweka. Fungua Settings, Update & Security, Windows Update, ujiandikishe kwenye Extended Security Updates (viraka vya muda wa ziada), zinazofika hadi 13 Oktoba 2026. Ni bure ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako inakiliwe huko. Usipotaka inakiliwe, ni dola 30, lakini akaunti ya Microsoft bado inahitajika kujiandikisha. Mashine iwe kwenye toleo la 22H2 la Windows 10. Kisha kagua chipu ya usalama iitwayo TPM: andika tpm.msc kwenye sehemu ya kutafutia; ukiona Specification Version 2.0, sharti moja la kuhamia Windows 11 limetimia, na bado ukague prosesa na masharti mengine.