Ufaransa ilikaa Ujerumani kwa haki gani baada ya 1918?

Unauliza kama Wafaransa walivamia tu. Hapana, kukaliwa kwa Rhineland, eneo la Ujerumani kando ya mto Rhine, kulikuwa ndani ya Mkataba wa Versailles wenyewe, ule wa amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza: miaka 15, kanda tatu. Ya Köln iachwe baada ya miaka 5, ya Koblenz 10, ya Mainz 15, ila Ujerumani itimize masharti. Ikikaidi, majeshi yanabaki. Na gharama za majeshi hayo zilibebwa na Ujerumani! Köln yenyewe ilichelewa hadi Januari 1926, kwa sababu washindi hawakuridhika na upokonyaji silaha.

Ruhr, eneo la migodi na viwanda la Ujerumani, ni kesi nyingine. Januari 1923 Ufaransa na Ubelgiji ziliingia huko kwa hoja kwamba Ujerumani ilikuwa haijalipa deni la fidia ya vita la makaa ya mawe na mbao, zikiwemo nguzo za simu. Uingereza haikuunga mkono. Wafanyakazi wakagoma, serikali ya Ujerumani ikachapisha noti za kuwalipa, na kufikia Novemba dola moja ilikuwa marki trilioni 4.2. Kwa maoni yangu hapo Ufaransa ilijikwaa: makaa ilipata, marafiki ikapoteza.

Wanajeshi wa mwisho waliondoka Rhineland Juni 1930, miaka mitano kabla ya muda. Hitler aliingiza jeshi lake huko Machi 1936, ingawa mkataba ulikataza, hakuna aliyemzuia.