Kwa Wanaoanza Kuandika Nasaba za Kijerumani: Niliyojifunza kwa Ukoo wa Weizsäcker

Siku nilizoanza kuandika nasaba ya ukoo wa Weizsäcker wa Württemberg, niliwachanganya Carl Heinrich, mwanateolojia wa Tübingen aliyefariki mwaka 1899, na mwanawe Karl, mwanasheria aliyekuwa Waziri Mkuu wa Ufalme wa Württemberg kuanzia 1906 hadi 1918, nikampa mtu mmoja maisha ya wawili. Tangu hapo siandiki jina lolote bila mwaka wa kuzaliwa kando yake, kwa maana kitukuu wa Carl Heinrich, mjukuu wa Karl, pia aliitwa Carl, yule Carl Friedrich mwanafizikia.

Lililonisumbua zaidi ni neno dogo «von», linalotangulia jina la ukoo kuonyesha ukabaila. Karl alilipata mwaka 1897 kama heshima yake binafsi isiyorithiwa, na ni mwaka 1916 tu alipopewa ubaroni wa kurithisha watoto. Kwa hiyo Carl Friedrich, aliyezaliwa Kiel mwaka 1912, alizaliwa Weizsäcker mtupu, ilhali mdogo wake Richard, aliyezaliwa Stuttgart mwaka 1920, alikuta katiba ya 1919 imekwisha kuvigeuza vyeo vya makabaila kuwa sehemu ya jina. Ndugu hawa ni wa baba mmoja na mama mmoja, nawe ukiwatafuta chini ya herufi moja utampata mmoja na kumkosa mwingine.

Jihadharini pia na neno «Onkel», ambalo Wajerumani humwitia ndugu wa baba na wa mama bila kubagua. Viktor, tabibu aliyezaliwa 1886, alikuwa mdogo wake Ernst, mwana wa Karl na baba wa akina Richard. Kwetu huyo ni baba mdogo, na kumwandika mjomba ni kumhamishia ukoo wa mama.

Msione haya kuandika yanayouma. Ernst alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Mambo ya Nje kuanzia 1938 hadi 1943, chini ya Hitler, na mwaka 1949 mahakama ya Wamarekani mjini Nuremberg ilimtia hatiani. Miongoni mwa waliosaidia kumtetea alikuwamo Richard, wakati huo mwanafunzi wa sheria, ambaye alikuja kuwa Rais wa Ujerumani mwaka 1984. Katika daftari langu hukumu ya baba na urais wa mwana vimo katika ukurasa mmoja.