Mto Rau na watoto mwezi wa nne? Mkuu badilisha saa

Mkuu saa nane mchana usiende. Umeuliza njia ya baiskeli na ya miguu kandokando ya mto Rau hapa Moshi, kuanzia msituni mpaka kwenye majaruba ya mpunga Mabogini, una watoto wawili, halafu huyo hapo juu anakujibu eti mto ni mdogo unavuka viatu mkononi. Hayo hayo ndo niliambiwa na kijana aliyenikodisha baiskeli, neno kwa neno, nimeyasoma hapa mwili ukanisisimka.

Na msiseme ni ugeni, nimezaliwa Pasua, hapa hapa Moshi, huo mto naujua toka utoto.

Nilikuwa na mtoto wa dada, miaka 11. Asubuhi tumevuka penye mawe, maji kwenye vifundo, masafi unaona mchanga. Tukaenda zetu mpaka kwenye mpunga, tukanunua miwa, tukakaa sana. Saa tisa tunarudi jua linawaka, mjini hakuna hata tone, ila mlima Kilimanjaro ulikuwa umefunga mawingu tangu saa sita, mweusi tii, na mimi niliuona kabisa nikaupuuza. Kufika pale maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, yanabeba majani na vijiti. Kina bado magotini, nikasema tuwahi. Hilo "tuwahi" mpaka leo linaniuma. Katikati ya mto maji yakaanza kusukuma matairi, baiskeli inanivuta, nikaiachia nimdake mtoto mkono, kiatu chake kikaenda, bega langu likateguka, na tulipopanda ukingo nikageuka nyuma hata yale mawe hayaonekani tena. Dakika chache tu hizo!

Baiskeli nimeilipa laki mbili na nusu. Na yule kijana bila aibu ananiambia ulitakiwa uangalie mlima kaka. Sasa asubuhi ulishindwa nini kuniambia, wakati unapokea hela yangu na unaniona nina mtoto?

Kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano mvua inapiga juu kule kwenye msitu wa Kilimanjaro sisi huku chini tumekauka, maji yanachukua muda kushuka, ndo maana yanakukuta kwenye jua unapiga picha. Kwa hiyo yakibadilika rangi USIVUKE, hata kama ni ya kifundoni, hata kama wenyeji wanavuka. Baki upande uliopo, zungukeni mpaka barabara yenye daraja hata kama ni mbali, au pakieni baiskeli kwenye bodaboda mrudi mjini, hela itarudi.

Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, muda huo watoto wanawaona mbega vizuri juu ya miti, na saa nne mkae mmesharudi upande wa mjini. Hao watoto wana miaka mingapi kwanza? Nijibu kabla ya Jumamosi tafadhali.